Navaa nyeusi tupu, mbona naonekana kama natoka msibani?

SWALI: Dada, habari za kazi. Nina miaka 26 na nafanya kazi ofisini. Tangu nikiwa shuleni navutiwa na mavazi ya kigothi, ule mtindo wa nguo nyeusi uliozaliwa na muziki, lakini si yale ya mafuvu, minyororo na misalaba mikubwa. Napenda yale matulivu, meusi, yenye mistari safi. Mwaka mzima sasa nanunua nguo nyeusi peke yake, na bado nikisimama mbele ya kioo naona ama mtu anayetoka kuzika, ama mhudumu wa hoteli aliye zamu. Mama naye haachi kuniuliza nani amefariki. Halafu joto linanimaliza, na fulana zangu zimepauka ndani ya miezi michache. Nakosea wapi?

JIBU: Mdogo wangu, kazi njema, na pole kwa maswali ya mama. Nianze na yeye, maana bila kujua amekupa nusu ya jibu. Kinachomshtua mama yako ni kwamba nguo zako zote hazina mng'ao hata chembe. Weusi peke yake usingemfanya aulize hivyo kila siku.

Uingereza ya karne ya 19 ilikuwa na taratibu kali za mavazi ya msiba. Malkia Victoria alifiwa na mumewe Albert Desemba 1861, akavaa nyeusi mpaka alipokufa mwenyewe Januari 1901, na wanawake wengi wenye uwezo wakaufuata mfano wake. Mjane alianza na maombolezo mazito, kwa kawaida mwaka mmoja na siku moja, na katika muda huo nguo yake ilitakiwa iwe nyeusi isiyong'aa kabisa. Walitumia krepu, hariri iliyofinyangwa mikunjo midogomidogo hadi ikapoteza mng'ao wake wote. Baadaye ndipo hariri inayong'aa iliporuhusiwa kurudi, na mwisho kabisa kijivu na zambarau. Yaani mtu akikutana na mjane njiani aliweza kukadiria amefiwa lini kwa kutazama tu jinsi mwanga ulivyogonga kitambaa. Kwa muda mrefu rangi ilikuwa ileile nyeusi. Kilichokuwa kikisogea ni mng'ao.

Sasa fungua kabati lako. Nabashiri utakuta fulana ya pamba, suruali ya pamba, sweta la pamba, labda na sketi ya kitambaa kile kile cha fulana. Zote zinameza mwanga kwa namna moja na zina uzito unaokaribiana. Kwa kanuni za wakati wa Victoria, wewe uko kwenye mwaka wa kwanza wa ujane, na mama yako analisoma hilo ingawa hajawahi kufundishwa.

Nitakalokwambia katika barua hii yote ni moja. Mtu anayevaa rangi nyingi ana rangi za kumsemea. Anayevaa mapambo mengi ana mapambo. Wewe umeamua kuviacha vyote viwili, kwa hiyo umebakiwa na uso wa kitambaa na umbo la nguo, na hivyo viwili lazima vibebe mzigo wote. Huwezi kuvipuuza kama anavyoweza kuvipuuza mwenye shati la maua.

Nianze na kitambaa, kwa sababu hapo ndipo penye utamu. Kwa macho ya fundi, vitambaa vyeusi ni vya aina tatu. Kuna vinavyomeza mwanga, kama sufu, pamba nzito na jinzi ambayo haijafuliwa sana. Kuna vinavyourudisha: satini, ngozi, hariri. Na kuna vinavyoupitisha, kama lesi, shifoni na nyavu. Vazi la nyeusi tupu hupata uhai pale aina mbili kati ya hizo zinapokutana. Sketi ya sufu isiyong'aa na blauzi ya satini juu yake, hapo tayari pana mazungumzo. Fulana yako hiyohiyo ya pamba chini ya koti la ngozi, hakuna atakayeuliza nani amefariki. Aina zote tatu kwa pamoja zinawezekana, ila hiyo ya tatu iwe ndogo: ukanda wa lesi kwenye kifundo cha mkono, au shifoni inayochungulia shingoni. Ikizidi hapo utulivu unaoutafuta unaanza kuyeyuka.

Mahameli nimeiacha pembeni makusudi, kwa kuwa haikubali kuwekwa kwenye kundi lolote. Ukipata kipande chake, kitandaze mezani karibu na dirisha, upitishe kiganja kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu. Upande mmoja vinyweleo vinalala, kitambaa kinang'aa na kuonekana kama kijivu. Upande wa pili vinasimama, mwanga unazama katikati yake, na unapata weusi wa kina ambao pamba haiwezi kuutoa hata uipake rangi mara ngapi. Basi siku utakayoshonesha kitu cha mahameli, mwambie fundi akate mapande yote vinyweleo vikielekea juu. Sisitiza neno “yote”. Kipande kimoja kikigeuzwa, mkono wa kushoto utakuwa mweusi na wa kulia utaonekana umepauka, na hakuna pasi itakayorekebisha hilo. (Pasi yenyewe usiiguse uso wa mahameli, itundike bafuni penye mvuke.)

Wagothi wa mwanzo walilijua jambo hili la vitambaa kwa mikono yao. Mtindo huo ulichipuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970, kwenye muziki uliofuata wimbi la panki, muziki wa kuasi wa vijana. Mwimbaji Siouxsie Sioux na wanja wake mzito, bendi ya Bauhaus mwaka 1979, kisha klabu ya Batcave iliyofunguliwa London mwaka 1982 katika mtaa wa Soho. Tunapotazama picha zao tunakimbilia kuona nywele zilizosimama na vipodozi, lakini tazama nguo zenyewe: soksi za nyavu zilizochanwa zikavaliwa mikononi, ngozi, lesi kuukuu, nguo za mpira zinazong'aa. Wengi wao hawakuwa na pesa, wakatengeneza wenyewe kwa walichokipata. Ukimvua mtu yule mafuvu na vyuma vyote, bado vazi lake linasimama, kwa sababu lina nyuso tatu nne za kitambaa zinazopishana.

Umbo nalo lina mabwana zake. Mwaka 1981 wabunifu wawili kutoka Japani, Rei Kawakubo na Yohji Yamamoto, walionyesha mavazi yao Paris kwa mara ya kwanza. Yalikuwa meusi, yamepwaya, upande mmoja mrefu kuliko mwingine, na katika misimu iliyofuata Kawakubo akaleta hata masweta yenye matundu ya makusudi. Waandishi kadhaa wa mitindo waliyapokea vibaya mno, wengine wakitumia maneno ya kuumiza. Ila baada ya pale, mbunifu anayetaka kuonyesha umahiri wa ukataji hukimbilia nyeusi, kwa kuwa nyeusi huondoa kila kisingizio. Ann Demeulemeester wa Antwerp, Ubelgiji, alijenga jina lake humo, na Rick Owens baada yake. Mtindo unaouota uko pale njia hizi mbili zinapokutana. Nyuso za vitambaa zichukue kwa watu wa klabu. Umbo lichukue kwa wabunifu hawa.

Na umbo la kigothi lina siri moja nyepesi, ambayo makanisa ya kale ya Ulaya yanaionyesha kuliko nguo yoyote. Jengo la kigothi huvuta jicho juu. Nguzo nyembamba ndefu, madirisha marefu, tao lililochongoka. Mistari ya wima ndiyo inayotawala. Leta hilo mwilini. Koti refu lililoachwa wazi linakupa mistari miwili ya wima kutoka bega hadi goti, na hiyo pekee inafanya kazi kuliko mkufu wowote. Kola ya kusimama, mikono mirefu inayofika kwenye mzizi wa kidole gumba, sketi inayokaribia kifundo cha mguu, pindo lenye ncha badala ya pindo lililonyooka: hizo ndizo mistari zinazosema “gothi” bila kuandika popote. Kama wewe ni mfupi, usiogope urefu wa nguo. Ogopa kukatwa. Blauzi inayoishia katikati ya nyonga inamgawa mtu vipande viwili sawa, na hapo ndipo wengi wanapopotezea kimo chao. Ama ichomekee, ama ishuke hadi karibu na goti.

Nafasi pia ina nguvu. Acha sehemu moja ipwaye na nyingine ifuate mwili. Suruali pana na juu pembamba. Au koti kubwa na suruali nyembamba yenye buti. Kila kitu kikibana unaelekea mazoezini, na kila kitu kikipwaya umbo linapotea, isipokuwa uwe na kitambaa kizito chenye kuanguka vizuri.

Suala la mhudumu wa hoteli ni jepesi kulitatua. Sare ile ina vitu vitatu: shati la kola na vifungo lililochomekewa, suruali ya kunyooka yenye mstari wa pasi, na viatu vyeusi vya ngozi vya kawaida. Vunja kimoja tu na sare inaanguka. Badilisha shati liwe lisilo na kola, au lenye kola ya kusimama. Au weka buti nzito mahali pa viatu. Ofisini mimi ningeanza na shati, kwa sababu linaonekana ukiwa umekaa mezani, ilhali buti hakuna anayeziona mpaka usimame.

Jambo jingine linaloharibu na halisemwi sana: nyeusi hazifanani. Kesho asubuhi chukua suruali yako na shati lako, simama dirishani, uviweke kimoja juu ya kingine. Utaona kimoja kinaelekea bluu, kingine kijani au wekundu wa kahawa. Kila uzi hupokea rangi kwa kemia yake. Rangi ya pamba si rangi ya sufu, na ya poliesta ni nyingine tena. Ndiyo maana nguo mbili zilizolingana kabisa chini ya taa ya dukani zinakataana ukitoka juani. Watu huhangaika kutafuta nyeusi zinazofanana, na hiyo ni vita ya bure. Ukitaka zilingane, nunua suti, yaani juu na chini vilivyokatwa kwenye jora moja. Vinginevyo zifanye zitofautiane wazi kwa kitambaa, na jicho litaacha kulinganisha rangi. Pamba ya bluu-nyeusi juu ya pamba ya kahawa-nyeusi inaonekana kosa. Ngozi juu ya pamba hiyohiyo inaonekana uamuzi.

Weusi wa kina, kwa kweli, ulikuwa mgumu na ghali kuupata kabla ya rangi za viwandani za karne ya 19. Philip, mtawala wa Burgundy, katika Ufaransa ya leo, alivaa nyeusi tangu baba yake alipouawa mwaka 1419, na kuivaa vizuri kulikuwa tangazo la utajiri kama vile dhahabu. Namtaja ili siku mama akiuliza tena, uwe na jibu kwamba nyeusi ilivaliwa na watawala kama ilivyovaliwa na wafiwa.

Mapambo nitapita haraka. Kitu kimoja cha madini kinatosha, na kiwe na uzito: pete pana, au hereni moja ndefu. Fedha ndiyo inayokaa vyema na nyeusi, hasa ikishaanza kugeuka nyeusi kwenye mikunjo yake kwa salfa iliyo hewani. Usiisugue yote, acha giza libaki kwenye nakshi. Alama za dini nakushauri uzivae tu kama ni zako. Kwa mtu anayeisali, alama ile si urembo, na sioni sababu ya kumjeruhi kwa ajili ya mkufu. Usoni chagua pahali pamoja, macho au midomo. Ukikaza wanja, midomo iachwe ilivyo.

Sasa joto. Hapa nina habari njema. Mwaka 1980 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti kuhusu swali ambalo ni kama lako: kwa nini Mabedui wa jangwani huvaa kanzu nyeusi? Watafiti walipima joto, wakakuta kwamba kanzu nyeusi hufyonza joto zaidi kuliko nyeupe, lakini joto hilo la ziada hupotea kabla halijafika kwenye ngozi. Joto linalomfikia mvaaji likawa sawa kwa zote mbili. Sharti lake ni nafasi: kanzu ile imepwaya, upepo unapita kati ya nguo na mwili na kulichukua joto kabla halijatua. Fulana nyeusi iliyokugusa mgongo mzima haina nafasi hiyo, joto lote linaingia moja kwa moja. Kwa hiyo kinachokumaliza ni kubana, pamoja na poliesta isiyopumua. Vaa kitani au pamba nyepesi iliyofumwa kwa ulegevu, suruali pana, shati refu lisilokugusa kiunoni. Kitani cheusi kina kasoro moja, hakifikii weusi wa kina. Daima kinaonekana kana kwamba kimepakwa vumbi jembamba. Mimi nakipenda hivyohivyo. Kikikunjamana, mikunjo yake hutengeneza vivuli, na vivuli ndivyo tunavyovitafuta.

Fulana zilizopauka. Sehemu ya kupauka ni rangi kutoka, lakini sehemu kubwa ni msuguano. Nyuzi za pamba hukatika zinaposuguana, ncha ndogondogo zikasimama juu ya kitambaa na kutawanya mwanga, ndipo unapoona kijivu ingawa rangi ndani bado ipo. Tazama fulana ya zamani kwenye mshono wa bega utaona hapo panapauka kwanza. Geuza nguo ndani nje kabla ya kufua, tumia maji baridi, usizisokote, zianike kivulini zikiwa bado zimegeuzwa. Punguza pia mara za kufua: koti na sufu hutundikwa zikapigwa upepo. Sabuni nazo uzichunguze. Sabuni nyingi za unga zina kemikali za kung'arisha nguo nyeupe, zinazonasa kwenye nyuzi na kurudisha mwanga wa kibuluu. Juu ya nyeusi zinaacha kama ukungu. Tafuta sabuni ya maji isiyo na kemikali hizo. Na siki unayoambiwa itaizuia rangi ya pamba isitoke, iache jikoni. Haifanyi hivyo.

Nguo ikishapauka inaweza kutiwa rangi upya, mradi ni pamba, kitani au aina nyingine ya uzi inayokubali rangi uliyonunua. Poliesta haishiki rangi ya pamba. Hili nililijifunza kwa shati langu la kitani la kijivu hafifu, nililolipika kwenye sufuria saa nzima nikikoroga. Kitambaa kilitoka cheusi safi, ila mishono yote ilibaki na kijivu chake cha zamani, kwa sababu uzi ulikuwa wa poliesta. Nilianza kuifumua niishone upya kwa uzi mweusi. Nilipofika kwenye mkono wa pili nikaona ule mstari mwembamba wa kijivu unaozunguka bega umelichora umbo la shati lote, nikauacha. Bado nalivaa. Wewe ukitaka weusi mtupu, kagua uzi kabla ya kuwasha moto.

Usinunue kitu mwezi huu. Toa nguo zako zote nyeusi, uzipange kwa makundi yale matatu: zinazomeza mwanga, zinazourudisha, zinazoupitisha. Najua rundo la kwanza litakuwa mlima na hayo mengine karibu matupu. Kutoka kwenye mlima huo bakiza zenye umbo, na zile zenye kitambaa kizuri lakini zimekatwa vibaya zipeleke kwa fundi. Fundi mzuri anaweza kuondoa kola, kurefusha mikono kwa kipande cha satini, kushusha pindo liwe na ncha, au kung'oa vifungo vya plastiki vinavyomeremeta na kuweka vya pembe visivyong'aa. Kubadilisha vifungo ni kazi ndogo, lakini hubadilisha koti zima, na koti ndilo la kwanza ningelitafuta baadaye, hata kama ni la mtumba: refu, la sufu, lenye mabega yanayokaa sawasawa kwenye mabega yako. Mengine yote kwenye koti yanarekebishika. Mabega hayarekebishiki bila kulifumua karibu lote, kwa hiyo likikukataa hapo, lirudishe kwenye kitundikio hata kama moyo umeshalipenda.

Ukimaliza kupanga niandikie, uniambie nini kimebaki kwenye rundo la pili. Hapo ndipo tutakapoanzia.